Msiba wa Kalandria

Ngoma kubwa ilipigwa mara moja nyuma ya ukuta wa mabati, ikanyamaza. Kisha kikaja kicheko.

Cha kwanza nilikisamehe. Nilijiambia labda mwimbaji wetu Yamandú ameanguka, maana mabenchi ya stoo ile yalikuwa ya zamani na Yamandú hakuwa mtu mdogo. Ngoma ikapigwa tena, matasa yakalia, sauti za wanaume zikaimba mistari miwili, na kicheko kikaja cha pili, kirefu, cha watu wanaoshikana mabega wasianguke. Mimi nilikuwa nje kwenye jua la Januari, chupa ya maji ya moto nimeibana kwapani, kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani machungu, mkononi. Beti zile nilikuwa nimeziandika mimi, na sikuwa nimeacha ndani yake nafasi hata moja ya kucheka.

Kundi letu lina mila: mwandishi haruhusiwi kuwamo siku wimbo wake unapoimbwa mara ya kwanza. Mila hiyo ilianza baada ya mwandishi aliyenitangulia kumpiga mpiga matasa kwa tasa lake mwenyewe. Kwa hiyo nilisimama pale, nikaisikiliza kazi ya maisha yangu ikichekwa kupitia bati.

Sisi ni murga, kundi la kanivali: nyuso za rangi, kofia za ajabu, ngoma, na nyimbo za kuwasuta wanaotutawala, na za kujisuta wenyewe kwa muda unaobaki. Jina letu ni Waliolala Wima, kwa sababu walioliunda walikuwa watu wa zamu ya alfajiri katika kiwanda cha chokoleti, na stoo tunayofanyia mazoezi ilikuwa ya magunia ya kakao ya kiwanda hichohicho. Mimi naitwa Líber Etchart. Hapa mtaani kwetu, Nuevo París, wananiita Mshairi, kwa sauti ile watu wanayotumia kumtaja mgonjwa.

Nilipochoka kuvumilia nikavunja mila, nikasukuma mlango.

"Afadhali umekuja, Mshairi," alisema Tacho Bentancur, kiongozi wetu, akijifuta macho. Mchana Tacho huendesha pipa la kukorogea chokoleti. Jioni hutukoroga sisi. "Tumecheka mpaka Yamandú ameomba ruhusa ya kwenda haja."

"Nimeshakwenda," alisema Yamandú.

"Ni maombolezo," nikasema.

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Tacho alisafisha koo. Aliishika karatasi yangu mbali na macho, akaisoma kwa sauti ya padri mwenye mafua:

*Buriani Kalandria, ndege wetu wa utoto,*
*wageni wamekujia, wamekuzimia moto,*
*nani atatulilia, tukilala bila ndoto?*
*Ulimi sasa ni jangwa, meno ni mawe ya mto.*

Alipofika kwenye mawe ya mto, watu wazima wenye wake na watoto wakainamiana tena.

"Meno ni mawe ya mto," alirudia Yamandú, akiligonga la mbele kwa ukucha. "Mimi nimebakiza manne. Huo si mto, kaka, huo ni mtaro."

"Mstari huo nautoa," nikasema.

"Ukiutoa mstari huo, na mimi natoka," alisema Tacho. "Sikiliza. Hatubadilishi hata neno. Yamandú atakuwa wewe: shati jeusi, nywele hizo zako za upepo, leso ya machozi. Analia juu ya jeneza la chokoleti. Kila akilia, anamega kipande. Wimbo ukiisha, marehemu naye kaisha."

"Mimi sivai mashati meusi," nikasema.

Wote waliniangalia kifuani. Sikuangalia, nilijua nimevaa nini.

Niseme marehemu alikuwa nani. Hakuna aliyezaliwa nchi hii asiyeijua Kalandria: karatasi ya kahawia, ndege wa kijivu aliyefumbua mdomo, na ndani yake karatasi nyingine ya fedha ambayo kila mtoto huivingirisha kwenye kidole gumba akatengeneza kikombe. Taifa letu dogo linajulikana kwa kubeba Kombe la Dunia wakati babu zetu wakiwa vijana. Mimi makombe niliyoyashika kwa mikono yangu ni hayo ya karatasi, na kwa miaka mingi yalinitosha. Tulikuwa tunasema Kalandria ndiyo chokoleti bora duniani, na tulisema hivyo bila kuonja nyingine. Ukweli ni kwamba hakuna mkakao hata mmoja unaoota kwetu. Kakao ilitoka Brazili, sukari ilitoka Brazili, mashine zilitoka Ujerumani, na mzee Ottonelli aliyeanzisha kiwanda alitoka kwao Italia akimkimbia mkwewe. Cha kwetu kilikuwa maziwa, karatasi na majigambo.

Wajukuu wa Ottonelli, ambao siku hizo walikuwa wakiishi ufukweni na hawakujua hata mlango wa kiwanda uko upande gani, walikiuza kwa kampuni ya Ubelgiji. Tulisikia redioni wakati wa kifungua kinywa. Kabla yerba haijapoa, mtaa mzima ulishajua na lile la pili: Wabelgiji wanataka jina na ndege, kiwanda hawana haja nacho. Mashine zitahamishiwa Brazili, uamuzi utatoka kanivali ikiisha.

Shangazi yangu Nélida, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Amefunga chokoleti tangu akiwa msichana, na alikuwa amebakiza miaka michache apate pensheni. Kiwanda kikihama, nani atamwajiri mwanamke wa umri wake ambaye ujuzi wake wote umo katika vidole? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mengine, uhuru wa mataifa na heshima ya bendera, niliyanyunyizia juu kama sukari ya unga, kwa sababu huwezi kuandika utenzi kuhusu pensheni ya shangazi yako. Nilijaribu. Haukupata vina.

Siku mbili baada ya mazoezi yale kukawa na mkutano mkuu wa wafanyakazi uani mwa kiwanda. Kwetu hata paka akipotea mtaani tunaitisha mkutano mkuu, tunachagua mwenyekiti, tunachangia hoja mpaka jua linazama, kisha tunaahirisha. Paka huwa amesharudi. Siku hiyo mwenyekiti alikuwa Tacho, na mimi nilikuwa msemaji wa pili, ingawa hakuna aliyenichagua. Nilipanda juu ya kreti, nikasoma beti zangu zote kwa watu wa zamu mbili.

Hakucheka mtu. Kwenye mawe ya mto, mwanamke wa idara ya karanga alilia waziwazi. Nilimtafuta Tacho kwa macho nimwoneshe; alikuwa anaangalia viatu vyake, mabega yanamtikisika, nami nikachukulia kwamba naye analia.

"Natoa hoja," nikasema. "Asile mtu Kalandria, hapa wala popote nchini, mpaka wenye kampuni watie sahihi kwamba mashine hazitoki Nuevo París."

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Shangazi yangu akanyoosha mkono.

"Naomba kuuliza. Watu wasipokula, sisi tutafunga nini?"

Tacho akapekua karatasi zake za mwenyekiti.

"Swali la mwenzetu Nélida ni zuri sana," alisema Tacho. "Tutalijadili mkutano ujao."

Tukapiga kura. Mikono ilipanda yote. Wa shangazi ulipanda wa mwisho, baada ya mimi kumkazia macho kutoka juu ya kreti. Hoja ikapita bila mpinzani, na mtu wa redio aliyekuwa amesimama getini na mashine yake ya kunasia sauti akaondoka mbio.

Jioni hiyo nchi nzima ilinisikia. Mtangazaji aliongeza beti mbili kwa sauti yake mwenyewe, ile wanayotumia kusomea majina ya waliofariki. Nilikaa jikoni nikijisikiliza, nimevimba kichwa kama mkate kwenye tanuri, nikamwambia shangazi, "Sasa wataona."

"Wataona," alisema. Alikuwa anamenya viazi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye kioski cha Chela kununua sigara, nikakuta foleni imekunja kona. Wa mbele kabisa alikuwa mzee Evaristo, dereva wa basi mstaafu, anakumbatia boksi zima la Kalandria kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto.

"Mzee Evaristo, hukusikia azimio?"

"Nimelisikia redioni, kijana. Nimelia sana."

"Sasa hilo boksi?"

"Hili sili. Naweka."

"Unaweka mpaka lini?"

"Mpaka nife. Wajukuu waje waonje walikula nini wazee wao. Hizo za Wabelgiji zikija zitakuwa na ladha ya sabuni."

"Zitakuwa ndogo pia," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Huwa wanaanza kwa kupunguza."

"Nipe mbili za mwisho," mwingine alimwambia Chela.

"Za mwisho zilikwisha jana," alisema Chela. "Hizi ni za mwisho za leo."

Nikataka kupanda kwenye kreti la soda niwahutubie. Chela alinishika mkono wa shati. "Mshairi, nakuomba, usinifukuzie wateja. Tangu usome mambo yako sijapata hata nafasi ya kukaa. Unataka nini?"

"Sigara."

"Na nini?"

Nikaangalia nyuma, nikaangalia foleni.

"Na Kalandria moja," nikasema kwa sauti ndogo. "Ya ushahidi."

Mambo yalikuwa hivyo nchi nzima, kutoka mpaka wa Brazili hadi mdomo wa mto. Sisi ni watu tunaopenda kitu zaidi kikishaanza kuondoka. Tuna chakula cha jioni cha kukumbuka zamani, tuna vipindi vya redio vya kukumbuka zamani, na nina rafiki wa rika langu anayemkumbuka kwa machozi golikipa aliyestaafu kabla yeye hajazaliwa. Mimi niliwaambia watu hao kwamba kitu walichokipenda utotoni kinakufa, na kwa vina juu yake, halafu nikategemea wasikimbilie dukani. Wote walilitii azimio langu. Walinunua, wakaweka kabatini, hawakula. Siku mbili baadaye walifungua moja tu kuhakikisha haijaharibika, na baada ya hapo ikabidi wanunue ya kuziba pengo.

Chini ya kitanda cha shangazi nilikuta maboksi matatu.

"Ni ya wagonjwa," alisema, bila kunigeukia. "Na wewe? Nifagie chini ya kitanda chako?"

"Usifagie."

"Nilijua."

Kiwandani pipa la Tacho halikusimama. Zamu ya tatu ikaanzishwa, watu wakaitwa warudi kutoka likizo. Kazi yangu ilikuwa kupakia maboksi kwenye malori. Niliyapakia kwa hasira, na kwa kuwa nina hasira nyingi nilipakia mengi, hata msimamizi akanisifu mbele ya wenzangu, jambo ambalo sijalisahau wala kulisamehe.

Katikati ya pilikapilika hizo Mbelgiji akafika. Bwana Verhaegen alikuwa mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na maneno yake yote alikuwa ameyajifunza kwenye kitabu. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, hata mlinzi, kisha akatoa tepu ya kupimia na kuanza kupima mashine: urefu, upana, halafu upana wa mlango.

Shangazi alirudi nyumbani siku hiyo hakuwasha hata redio.

"Ameipima yangu mara mbili," alisema. "Mtu hapimi kabati asilotaka kulitoa."

"Tutapambana."

"Ndiyo." Alivua viatu, akajikanda miguu. "Ana shati zuri, lakini."

Ndipo nikaamua yote yatamalizikia jukwaani. Verhaegen alikuwa amealikwa kuja kutuona. Sijui ni nani alimwalika, mimi nadhani ni Tacho, ambaye anapenda anayesutwa akae mstari wa mbele. Nikatunga sentensi moja ya kumwambia usoni wimbo ukiisha. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo. Ilikuwa na neno "dola" na neno "vumbi", na ilikuwa ikiishia kwa ukimya ambao pia nilikuwa nimeufanyia mazoezi.

Jukwaa lilikuwa kwenye uwanja wa mpira wa klabu ya mtaa, na tulipangiwa zamu ya kwanza, jua likiwa bado juu ya mapaa, watoto wakikimbizana na mapovu ya sabuni. Nilikaa na shangazi mstari wa tatu. Mbele yetu kidogo Verhaegen aliketi wima, boksi la Kalandria magotini, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hospitali. Kumbe alilinunua getini. Chela alikuwa amehamishia kioski chake pale.

Waliolala Wima wakapanda na kofia zao za makopo. Halafu akatoka Yamandú.

Alikuwa mimi. Sina namna nyingine ya kusema. Alikuwa na shati langu, maana shangazi alimwazima bila kuniambia. Alikuwa na nywele zangu zilizotengenezwa kwa nyuzi za magunia. Alitembea kama mimi, kifua kinatangulia na mwili unafuata baadaye. Kabla hajafungua mdomo watu walishaanza kupiga miguu chini, na wengine walishageuka kunitafuta.

"Yuko hapa," shangazi aliwaambia waliokuwa nyuma yetu, akininyooshea kidole. "Huyu hapa."

Yamandú akalia juu ya jeneza. Akainua mkono wa kiapo, "Sitaila kamwe," na mkono wa pili ukamega kona ya jeneza. Akahutubia mataifa mdomo umejaa. Akamtukana Mbelgiji, yaani mwenzake aliyevikwa pembe, kwa majina ambayo sikuyaandika mimi, akamkaribisha kipande, akakirudisha, akakila yeye. Alipofika kwenye ulimi wa jangwa akautoa nje wote, kahawia. Na kwenye meno ni mawe ya mto akatabasamu na yale yake manne.

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Nilikaa nimekunja mikono nikisubiri aibu iniue. Haikuniua. Kwenye ubeti wa tatu nilisikia sauti ya ajabu kifuani kwangu, na kabla sijaizuia ilishatoka, na ilikuwa kicheko. Nilipigwa na mstari wangu mwenyewe. Ule wa jeneza jepesi na machozi mazito. Sikuwa nimejua kwamba unachekesha.

Kisha Tacho akainua vidole viwili, ngoma zikashuka, na wakaurudia ubeti wa kwanza taratibu, sauti tatu, bila Yamandú kufanya lolote, amesimama tu na mdomo mchafu. Buriani Kalandria, ndege wetu wa utoto. Hatujui kucheka kwa muda mrefu bila kulia mwishoni, ni kama ada. Shangazi alinishika goti. Mzee Evaristo alitoa leso, ikadondoka nayo Kalandria iliyofunguliwa, akaiokota haraka.

Wimbo ulipoisha Verhaegen akainuka, akapita katikati ya viti moja kwa moja hadi kwetu. Nilisimama. Dola, vumbi, ukimya.

"Wewe ndiye mtunzi?"

"Ndiye," nikasema, na sentensi yangu ikanitoroka yote kwa pamoja.

"Sikuelewa kila kitu," alisema polepole. "Mimi ndiye yule mwenye pembe?"

"Ndiye wewe," alisema shangazi.

"Nimeshukuru. Niliketi nyuma ya mama mmoja. Alicheka, kisha alilia, kisha aliinuka akaenda kununua sita. Nikahesabu watu waliofanya hivyo, nikaacha kuhesabu." Alilipapasa boksi lake. "Makao makuu wananiuliza kila siku ni kampuni gani ya matangazo tuliyoikodi. Wanataka kuikodi na kwao."

"Mimi si mpiga debe wako," nikasema.

"Hapana. Wapiga debe wangu ni wabaya zaidi kuliko wewe." Nafikiri alitaka kunisifu. Akamgeukia shangazi, akainama kidogo. "Bibi, mimi nilitumwa kupima mashine. Wewe ulijua. Lakini huwezi kuisimamisha mashine ili uihamishe wakati watu wamejipanga barabarani. Kule Brazili wanakula chokoleti nyingi, ila haiwalizi. Nimeandika kwamba mashine zibaki. Kwa mwaka huu."

"Kwa mwaka huu," alisema shangazi.

"Mwakani watanituma tena na tepu. Kanivali ikiisha." Aliniangalia mimi. "Huzuni hii, huwa inachukua muda gani kupita?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba huzuni ya taifa haipimwi kwa tepu. Shangazi akanifinya ubavuni kwa vidole vyake vya kufungia chokoleti, vyenye nguvu kuliko inavyodhaniwa, nikaufunga.

"Sisi?" alisema yeye. "Sisi hatujamaliza hata kumlilia Ottonelli."

Asubuhi ya Jumatatu tulitembea pamoja kwenda kazini. Mtaa ulikuwa unanuka kama kawaida yake, kakao upande mmoja, ngozi za viwanda vya ngozi upande mwingine. Nilikuwa nimenuna. Watu niliopishana nao walikuwa wananigongea meno kwa ukucha, hata dereva wa basi, hata mtawa mmoja.

"Kiwanda kimebaki," alisema shangazi. "Mbona umefura kama chura?"

"Niliandika ili niwafukuze Wabelgiji. Nimewauzia chokoleti nchi nzima."

"Ndiyo. Na umeuza vizuri."

"Mimi ni mshairi, shangazi."

"Nani amekataa?" Alikuwa amefungua Kalandria moja akiwa anatembea, anaila bila haya, na karatasi ya fedha anaivingirisha kwenye kidole gumba. "Mwakani utaandika nini?"

"Nilikuwa nimefikiria utenzi. Kuhusu uhuru wa mataifa."

Shangazi alimaliza kipande kilichobaki. Akaichomoa karatasi kwenye kidole, akaikandamiza shingo, akaipanua kitako. Nilivitazama vidole vile. Kimoja kilikuwa hakikunjiki tena sawasawa, na sikuwa nimekiona kabla ya siku hiyo, au nilikiona nikawa natafuta kina. Akaniwekea kikombe mkononi.

"Utenzi ni mzuri," alisema. "Lakini watu hawanunui kitu wakitoka kwenye utenzi."

Tulikuwa tumefika getini. Yamandú alikuwa amesimama pale na shati langu, anasubiri king'ora, na alipotuona akatoa ulimi.

"Shangazi," nikasema, kwa sauti ya kutosha ili na yeye Yamandú asikie awe shahidi, "nakuahidi. Mwakani nitamuua tena yule ndege, na mwaka unaofuata, na unaofuata huo, mpaka siku utakayopata pensheni yako. Na ule mstari wa meno siutoi."